Televisheni ya chogo: kuwasha moja kwa moja au kupitia balbu?

Televisheni ya chogo inapofikishwa kwa fundi wa Mikindani ikiwa imekufa na fyuzi imeungua, mara nyingi transista ya mlalo, ile inayoendesha mistari ya picha kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, imepiga shoti.

Wapo wanaofunga transista mpya na kuwasha papo hapo. Njia hii ni ya haraka, lakini ikiwa chanzo ni flaibaki (transfoma inayotoa volti kubwa za kioo) yenye shoti ndani, au kapasita ya volti kubwa iliyopungua uwezo, transista mpya nayo huweza kufa ndani ya sekunde chache, na hasara ni ya mteja.

Wengine huunganisha kwanza balbu ya wati 100, ile ya zamani yenye waya ndani wala si ya LED, mfululizo na umeme unaoingia. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, hakuna shoti kubwa. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, shoti ingalipo, na kwa kawaida transista hunusurika kwa kuwa balbu hupunguza umeme unaopita. Koili ya kuondoa usumaku, waya uliozungushiwa kioo, ichomolewe kabla, maana huvuta umeme mwingi mwanzoni na kupotosha dalili.

Mimi naipendelea hii ya pili, ingawa haifichui lehemu iliyopasuka kwenye transfoma ndogo inayoiendesha transista. Hiyo hutafutwa kwa macho, tochi mkononi, hasa kwa seti zilizokaa karibu na bahari.