Kufundisha vijana Kijerumani kwa video za mtandaoni: uzoefu wangu

Natoa hukumu mapema kwa asiye na muda wa kusoma mpaka mwisho: video za mtandaoni zinalinoa sikio la kijana kuliko kitabu chochote nilichowahi kuingia nacho darasani, lakini mdomo wake haziufungui zenyewe. Ukiicheza video mwanzo hadi mwisho kisha ukauliza "mmeelewa?", wataitikia "ndiyo" kwa sauti moja. Mwinue mmoja asimulie alichokiona, utamkuta hana hata sentensi.

Wanafunzi wangu ni vijana wa umri wa sekondari, baadhi wanaanza na wengine wako ngazi ya A2, yaani ya pili kutoka chini baada ya A1. Nimetegemea zaidi vitu viwili. Cha kwanza ni Nicos Weg, kozi ya bure ya Deutsche Welle, ambao wengi wetu tunawajua kwa matangazo yao ya redio kwa Kiswahili. Ni hadithi ya Nico, kijana wa Hispania anayefika Ujerumani, lugha haijui, na begi lake linapotea. Imekatwa vipande vifupi vya ngazi za A1, A2 na B1, na mazoezi yamo humohumo. Uzuri wake ni kwamba kisa kinaendelea. Kijana ambaye asingefungua kitabu nyumbani anataka kujua begi limeishia wapi, basi anatangulia mbele peke yake.

Cha pili ni Easy German, chaneli ya YouTube ambako watangazaji wanasimamisha watu mitaani na kuwauliza maswali. Hapo ndipo penye Kijerumani cha kweli: mtu anaanza sentensi, anaiacha njiani, anacheka, anameza silabi. Anayeanza kabisa hakiwezi. Wa A2 akisaidiwa anakiweza, na siku akimwelewa mpita njia mmoja bila msaada utaona anavyojiinua kitini.

Sasa nije kwenye manukuu, yaani maandishi ya maneno yanayosemwa kwenye video, maana hapo ndipo kazi inapoharibika au kutengenezeka. Video za Easy German zina mistari miwili chini ya picha, Kijerumani na Kiingereza, na imechomekwa ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo huwezi kuizima. Vijana wanaojua Kiingereza macho yao hukimbilia huko bila hata kutaka, na sikio linapumzika. Dawa yangu ni kipande cha karatasi ngumu ninachobandika chini ya skrini kuziba mstari wa Kiingereza. Wanalalamika kidogo tu, halafu wanazoea. Manukuu ya lugha wanayojifunza yanasaidia sana, kwa sababu yanawaonyesha neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Manukuu ya lugha wanayoijua tayari yanawageuza wasomaji wa sinema.

Manukuu yanayotengenezwa na mashine nilikuwa nayakwepa. Siku hizi nayatafuta kwa makusudi. Mara nyingi hayana nukta wala mkato, yanaboronga majina ya watu na miji, na yanaunganisha sentensi mbili kuwa moja. Ninawapa vijana maandishi hayo yamechapishwa, tunasikiliza, wao wanasahihisha. Mtoto wa miaka 15 hachoki kuikosoa mashine! Yuleyule anayesinzia kwenye imla atakurudisha nyuma mara tano ili athibitishe kwamba kompyuta imesikia vibaya.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Kipande kisizidi dakika mbili. Kwanza tunakitazama bila sauti, nao wanabashiri hawa watu wanasemezana nini. Kisha sauti bila maandishi. Mwisho sauti pamoja na maandishi ya Kijerumani, na hapo kidole changu hakitoki kwenye kitufe cha kusimamisha. Kila sentensi yenye maana inasimamishwa, inarudiwa kwa sauti, na mtu anaijibu kana kwamba ameulizwa yeye. Kuna binti mmoja mkimya sana ambaye sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya maneno matatu. Alipoanza kumwigiza mwanamke wa kwenye video, nyusi juu, mkono kiunoni, bega likipanda, kiimbo cha Kijerumani kilimtoka sawasawa, pamoja na lile karaha la aliyechoka kuulizwa. Darasa lilicheka, naye akarudia kwa furaha. Kwa vijana, kusema kwa niaba ya mtu mwingine kunawaondolea aibu ya kukosea wao wenyewe.

Kuhusu kasi ya kuchezesha video, 0.75, yaani robo tatu ya kasi ya kawaida, inatosha. Ukishuka hadi 0.5 msemaji anaburuta maneno kama mlevi, na unachokisikia si lugha tena.

Mambo madogo ya kuangalia kabla ya kipindi. Zima uchezaji wa kujiendesha, la sivyo video inayofuata itakuvamia mbele ya darasa zima. Tazama kipande chote wewe mwenyewe kwanza, hasa kama wanafunzi ndio waliokileta, maana mitaani watu hawachagui maneno. Na kagua sauti: baadhi ya video siku hizi zina sauti iliyotafsiriwa na mashine, na jukwaa linaweza kukuchezea hiyo kwa kufuata lugha ya kifaa chako. Ingia kwenye mipangilio uchague sauti ya asili. Spika nzuri ni muhimu kuliko skrini kubwa. Katuni za watoto wadogo achana nazo, zinawadhalilisha.

Kuwaruhusu walete video zao kuna faida na hasara. Mpenzi wa mpira ataleta mahojiano ya wachezaji, ambayo yanafaa sana kwa sababu majibu yao yanafanana kila wiki na maneno yanajirudia. Mpenzi wa michezo ya kompyuta ataleta mtu anayepayuka nusu saa, na humo unachota sekunde 40 tu za maana.

Kwa kusikiliza na matamshi naipa njia hii nyota nne kati ya tano. Kwa kuandika nisingeipa hata mbili. Kijana anaweza kutazama muhula mzima, akamwelewa Nico vizuri, na bado der, lile neno dogo linalotangulia nomino za kiume, isimgeukie kuwa den pale sarufi inapotaka. Hilo nalifundisha ubaoni, kwa chaki, kama zamani.