Begi la turubai la fundi wa Malindi: uzoefu wangu katika safari ya misheni Madagaska

Kama kanisa lenu linajiandaa kuvuka bahari kwa misheni na bado mnajadili masanduku, ushauri wangu ni mmoja: tafuteni fundi mzuri awashonee mabegi ya turubai. Langu nimelitumia kutoka Malindi hadi Antsirabe, mji wa nyanda za juu za Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini. Nimerudi nalo likiwa zima isipokuwa zipu, na hiyo zipu nitaieleza.

Sanduku gumu la magurudumu linamfaa anayetoka uwanja wa ndege, akaingia teksi, akashukia mlangoni pa hoteli. Safari ya misheni ina vipande vingi. Sisi tulitoka Malindi kwa matatu hadi Mombasa, tukapanda treni Miritini, tukashuka Syokimau, Nairobi, ndipo tukaenda kutafuta ndege. Pale Miritini abiria hupanga mizigo chini kwenye mstari mbwa wainuse, kisha kila mtu akabeba wake tena kuupitisha kwenye mashine. Tulipofika Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, tukaingia taxi-brousse, ambazo ndizo matatu zao, na mizigo yote ikapandishwa juu ya keria, ikakazwa kwa kamba kwa mwendo wa kilomita 170 hivi kuelekea kusini. Begi laini linalala penye nafasi, linajaza pengo, kamba zikikazwa linakubali. Masanduku mawili ya wenzetu yalishushwa yakiwa na ufa pembeni.

Fundi wangu ana cherehani yake barazani, si mbali na soko. Kazi yake ya kila siku ni kushona viti vya tuktuk na vifuniko vya mashua, na hilo ndilo lililonivutia, kwa sababu cherehani ya nguo haiwezi turubai zito lililokunjwa mara nne. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu, hakuanza na bei. Aliuliza, "Litabebwa na nani, mwanangu?" Nikamwambia litabebwa na mimi mwenyewe, begani, mahali pengine kwa mwendo mrefu. "Basi mkanda lazima upite chini ya tumbo la begi. Ukishonewa juu peke yake, uzito wote unaning'inia kwenye uzi."

Alitumia turubai la pamba, akaweka kitako maradufu, mishono miwili kila upande, uzi wa nailoni, na mikanda iliyotolewa kwenye viti vya gari kuukuu, ile ya kujifunga. Mikanda hiyo haikati bega hata ukibeba mzigo mzito. Nililipa shilingi 3,200. Likiwa tupu halifiki kilo 2, ilhali sanduku nililotaka kuazima kwa dada yangu lilipita kilo 4. Tiketi zetu ziliruhusu kilo 23 kwa kila mtu, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo. Kilo mbili ni madaftari na kalamu za rangi za darasa zima la watoto. Tulipima kwa mizani ya kuning'iniza ya mchuuzi wa samaki jirani yetu, tukafika uwanjani bila wasiwasi wowote.

Ndani ya begi sikutumia mfuko wa plastiki hata mmoja, na tangu Agosti 2017 mifuko hiyo ya kubebea imepigwa marufuku nchini Kenya. Nilitumia leso, yaani kanga. Nguo za ibada nilizikunja kwa kuviringisha, nikazifunga bunda moja kwa leso. Sweta bunda lingine. Viatu vikafungwa kwenye leso kuukuu. Kila bunda lina rangi yake, kwa hiyo hata gizani najua ninachovuta. Ukifika, leso hiyo hiyo ni shuka, ni taulo, ni ya kujifunga unapokwenda kuoga nyumba ya watu, ni ya kufunika mabega kanisani. Wanaume wa kundi letu waliokuwa wakituangalia tu mwanzoni waliishia kutuomba.

Kuna jambo ambalo sikulitegemea. Wamalagasi nao wana kitambaa chao, lambahoany, chenye pindo, picha katikati na maneno yaliyochapishwa chini, mara nyingi methali. Mama aliyenipokea alipofungua bunda langu na kuiona leso, aliikunjua palepale akatafuta maneno. Hakujua Kiswahili, mimi sijui Kimalagasi, mkalimani alikuwa nje. Akaingia chumbani, akatoka na lambahoany yake, akazitandika mbili hizo kitandani sambamba. Jioni nzima wanawake wa nyumba ile walikaa nasi wakitaka wasomewe kila leso tuliyokuwa nayo, na wao wakitusomea za kwao. Nilikwenda na kitabu cha mafundisho kwa ajili ya kikundi cha akina mama, lakini mazungumzo yaliyotufungulia mlango yalianzia kwenye leso zile. Kwa hiyo chukueni za ziada, mpya, zenye maneno mazuri ambayo mko tayari kuyaeleza. Ni nyepesi, hazivunjiki, na hakuna zawadi ya pwani inayoeleweka haraka kuliko hiyo.

Kuhusu baridi, tafadhali niaminini. Antsirabe iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai ni baridi hasa. Usiku unaweza kutoa barafu kwenye majani. Mtu aliyezaliwa Malindi hana nguo ya baridi ya namna hiyo kabatini. Nunueni mitumba: sweta mbili za sufu, soksi nzito na kofia inayofunika masikio. Jaketi kubwa moja linakula nusu ya begi, lakini livae safarini na tatizo litakwisha.

Mjadala mkali kwenye vikao vyetu vya maandalizi ulikuwa vitabu. Baadhi yetu walitaka tujaze mabegi Biblia. Nilisimama kupinga, na bado naona ilikuwa sawa. Biblia nzima ya Kimalagasi ilichapwa mwaka 1835, wakati Krapf, mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kwenye pwani yetu, alifika Mombasa mwaka 1844. Waumini wa kule waliteswa chini ya Malkia Ranavalona wa Kwanza. Rasalama, mmoja wa waumini hao, aliuawa kwa ajili ya imani yake mwaka 1837. Tunakwenda kwa watu walioyashika haya kabla yetu, na begi letu lazima lionyeshe kwamba tunalijua hilo. Tuliwauliza wenyeji wanahitaji nini. Wakajibu: miwani ya kusomea kwa wazee, kalamu za rangi, na pampu ya mpira. Vyote vingeenea kwenye mabegi matatu tu, tena ni vyepesi.

Vitu hivyo tulivigawa. Kila mtu alibeba kidogo cha kila kitu, hakuna aliyebeba miwani yote. Hilo lilituokoa, maana begi moja la kundi letu lilichelewa njiani likafika baada ya ibada ya kwanza, na hata hivyo wazee walipata miwani na watoto wakapata rangi. Kama lingekuwa ndilo begi la miwani, sijui tungewaambia nini wale wazee waliotembea kutoka mbali.

Mkobani, yaani kwenye mzigo wa mkononi, weka pasipoti, kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, dawa zako na nguo za siku moja. Ile chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na ukishachanjwa kadi inatambulika maisha yako yote. Pawabenki nayo ikae mkononi, haikubaliwi kwenye mzigo unaopakiwa chini ya ndege. Ya mAh 20,000 ina kama saa-wati 74, iko ndani ya kiwango cha saa-wati 100 kinachoruhusiwa kwenye ndege. Na usisahau adapta: plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa haiingii kwenye soketi zao za matundu mawili ya duara.

Sasa zipu. Fundi alinipa ya chuma kwa sababu ndiyo iliyokuwepo, na ndiyo iliyoniudhi. Hewa yetu ya chumvi ilikuwa imeshaanza kuila begi likiwa bado limetundikwa nyumbani, na vumbi la barabara likamalizia kazi. Ikawa inakwama katikati, mpaka nikawa naisugua kwa mshumaa ndipo isogee. Nimeirudisha kwa fundi, akaing'oa bila kudai hela ya kazi, akaweka ya plastiki yenye meno makubwa, ile inayotumika kwenye mahema. Inateleza vizuri kabisa. Ombeni hiyo tangu mwanzo.

Jambo jingine ni maji. Turubai la pamba halizuii mvua kubwa, na likihifadhiwa na unyevu linaota ukungu. Ukirudi nyumbani lianike kivulini penye upepo mpaka likauke ndani na nje, ndipo ulikunje. Kwa anayekwenda nchi yenye mvua wakati huo, amwombe fundi aweke bitana la nailoni kitakoni na pembeni. Ameniambia litaongeza kama shilingi 500.

Kwa jumla nalipatia begi hili alama nne kwa tano, na ile ya tano ilibaki kwenye zipu. Kikundi cha akina mama kimeshaagiza mengine kwa fundi huyo huyo, yenye mkanda wa kupita chini, zipu ya plastiki, na mfuko wa nje wa kuweka karatasi ya jina na simu. Anayetaka la safari ya Agosti aagize mapema, maana msimu wa viti vya tuktuk ukishika kasi foleni barazani pale huwa ndefu.