Kitalu cha miche Malindi, mzee alikataa kuniuzia nilichokitaka

Mwaka jana niliagiza mche wa klematisi, ule mmea wa maua unaotambaa, kutoka bara, yule muuzaji akaniapia joto la Malindi halina neno, nikalipa na nauli ya basi juu yake. Miezi miwili hata haikuisha vizuri ukawa kijiti kikavu. Nilimwagilia asubuhi na jioni, nikauwekea kivuli cha makuti, wapi.

Basi nikaenda kwa mzee mmoja ana kitalu kando ya barabara ya kwenda Mombasa, nikamwambia baba nataka klematisi nyingine. Akasema, "Mwanangu, hiyo sikuuzii. Ile ya nchi za baridi, yataka mizizi ikae kwenye ubaridi na kichwa kiwe juani, halafu kila mwaka ipate miezi ya kulala. Hapa italala lini?" Hela nilikuwa nazo mkononi, na bado akakataa. Hapo ndipo nilipompenda.

Akanipa asmini mmoja na bogenvilia mbili, kila mche 250. Kabla sijalipa akachuma ua la bogenvilia akalifungua kwa kucha, kumbe ile rangi yote tunayoisifia ni majani, ua lenyewe ni kale keupe kadogo katikati! Miaka yote naziona Malindi nzima na sijawahi kujua. Akanionya pia nisiuvute mche kutoka kwenye mfuko, niuchane kwa wembe pole pole udongo usimwagike, manake mizizi ya bogenvilia haipendi kusumbuliwa. Na maji nisizidishe, ardhi ikauke kwanza ndio nimwagilie, ukiinywesha kila siku na samadi ukajaza utapata majani matupu.

Ana kijana wake anakuja nyumbani kupogoa, 500 kwa kazi yote. Huyu namsifu kweli, alingoja maua yapukutike kwanza, akapangusa makasi kwa spiriti, akakata juu kidogo ya jicho la tawi, yale matawi marefu yaliyokuwa yanakimbilia juu akayalaza ukutani akayafunga na kamba laini, akaniambia tawi likilala linatoa maua mengi kuliko likisimama. Asmini naye akampunguza sana mpaka nikaogopa, akasema ua linatoka kwenye chipukizi jipya, usipokata unabaki na kichaka. Wiki chache tu vitumba vimejaa.

Kasoro zipo. Miche ya bogenvilia haina alama ya rangi, mimi niliomba ya machungwa mbili, moja ikatoka ya waridi, kwa hiyo chagua ile iliyokwisha kuchanua. Na Ijumaa usiende mchana, anafunga kwa ajili ya sala, anarudi kama saa nane hivi. Kijana naye umpigie mapema, siku zinazokaribia Idi hapatikani kabisa.

Lakini nyumba imebadilika wallahi. Alasiri mamangu anachuma vitumba vya asmini kabla havijafunguka, anavitunga na mrehani, ikifika magharibi vyote vimefunguka na harufu iko mpaka barazani, majirani wanauliza nani anaoa. Dadangu aliyeko Shela ameshaniagizia mmoja, Jumamosi nakwenda kumchukulia.