TAHADHARI: "Konti ya dola ya diaspora" inayouzwa Lubumbashi ni wizi

Ndugu zetu mlio Brussels, Johannesburg, Lusaka na kwingineko, pamoja na ninyi mnaowapokelea feza hapa Lubumbashi: kuna kijana anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa Katanga akiuza konti ya dola "kwa raia wanaoishi nje". Msimtumie hata dola moja. Dada yangu aliye Ubelgiji alinitumia makaratasi aliyopewa na kijana huyo kabla ya kulipa, nami nikayapeleka kwenye gishe ya banki ileile ambayo nembo yake iko juu. Hawamjui kijana huyo, na konti ya namna hiyo hawana.

Mpango wake ni huu: unaweka kuanzia dola 2,000, zinafungwa mwaka mzima, unapata asilimia 3 kila mwezi na mtaji hauguswi. Kijana ni mpole kweli, kila mtu kwake ni yaya au papa, na hakosi kuulizia watoto. Lakini pigeni hesabu. Asilimia 3 kwa mwezi ni 36 kwa mwaka. Nendeni banki yoyote hapa mjini mkaulize DAT ya dola (akiba inayofungwa kwa muda) inalipa ngapi: mtatajiwa asilimia chache tu, tena kwa mwaka. Miezi miwili ya mwanzo kijana atalipa, sikatai. Analipa kwa feza ya aliyeingia nyuma yako, ili nawe umlete shemeji yako. Wazee walioona Bindo Promotion, mchezo wa feza wa namna hiihii, ikianguka mwaka 1991, wakati wa Zaïre, hawahitaji maelezo zaidi.

Tuje kwenye makaratasi. Ni PDF safi, ina picha ya paspoti ya mteja, na chini kuna mhuri wa duara wa Banque Centrale du Congo. Banki Kuu kazi yake ni kuyapa mabanki ruhusa na kuyasimamia. Haigongi mhuri kwenye cheti cha akiba cha mtu mmoja mmoja. Nimeweka cheti cha dada kando ya cha rafiki yake: mhuri umeinama upande uleule, wino umefifia mahali palepale, hata kijidoa cha pembeni ni kilekile. Ni picha iliyobandikwa.

Halafu angalieni msimbo wa SWIFT, ule unaotambulisha banki, wa herufi na tarakimu 8 au 11. Herufi ya tano na ya sita ndizo zinazotaja nchi. Banki ya Congo yetu inakuwa na CD. Wake una ZM, maana yake Zambia, na mwenye konti ni mtu binafsi, jina ambalo hakuna anayelijua. Dada alipomuuliza, akajibiwa kwamba sheria ya dola imebana, kwa hiyo feza ipite kwanza Lusaka "kwa muda tu". Uongo mtupu. Konti ya dola kwetu ni kitu cha kila siku. Anayeuza samaki sokoni anayo, mwalimu anayo. Aliye nje hahitaji kibali cha pekee wala mtu wa kumpitishia.

Kinachonishangaza ni kwamba sisi watu wa mji huu noti ya dola yenye mpasuko mdogo tunaikataa, kambisti, mbadilisha feza, anaigeuzageuza kwenye jua, tunabishana nusu saa. Lakini PDF iliyotumwa saa nne usiku tunaipokea bila neno.

Anayetaka konti ya kweli aanze na ajansi (tawi) ya banki yenyewe, kwa namba aliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye karatasi ya mtu. Watamwomba kitambulisho au paspoti, uthibitisho wa mahali anapoishi, na saini. Akitaka ndugu amshughulikie hapa, amwandikie prokurasyo (barua ya kumpa mamlaka) iliyothibitishwa ubalozini, ikitaja wazi ndugu huyo anaruhusiwa kufanya nini. Konti inafunguliwa kwa jina lake mwenyewe. Ikishafunguliwa, ndugu aende gisheni aweke dola 50, achukue bordero (karatasi ya kuweka feza), na mwenye konti aombe releve (taarifa ya konti) moja kwa moja kutoka banki. Dola 50 zisipoonekana kwenye releve, msitume kingine.

Walioingia tayari wameanza kudaiwa "ada ya kufungulia" ili watoe mtaji wao. Msilipe. Banki ikiwa na makato yake inayatoa ndani ya konti yako, haikutumi kulipa kwa simu ya mtu. Pigeni simu leo kwa banki mliyotumia kutuma, mwombe wairudishe feza. Kila saa inayopita inapunguza nafasi, maana upande wa pili inatolewa haraka. Kisha mpeleke malalamiko polisi huko mliko, na ndugu wa hapa apeleke nakala Parquet, ofisi ya mwendesha mashtaka. Na akitokea "wakili" anayejua kurudisha feza zenu kwa malipo ya mbele, jueni anaweza kuwa ni kijana yuleyule kwa namba nyingine.

Mwenye cheti chenye mhuri ulioinama hivyo aweke picha hapa chini tulinganishe, ila afunike kwanza namba ya paspoti na tarehe ya kuzaliwa.