Miezi minane na Kiwix: Wikipedia bila bando kwenye steshenari yangu ya Mwanga

Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma: kompyuta moja, printa, mashine ya kopi na meza ya kukatia picha za pasipoti. Wateja wangu wakubwa ni wanafunzi. Wanaingia jioni, mia tano mkononi, "Shikamoo dada, naomba unitolee kazi ya jiografia ya Ziwa Tanganyika, mwalimu anakusanya kesho." Natafuta mtandaoni, nasafisha matangazo, naprinti. Mtandao ukiwa mzuri ni dakika kumi. Ukiwa mbaya, mtoto anarudi nyumbani mikono mitupu na kesho yake anakwenda kujieleza mbele ya darasa.

Jambo hili lilianza kunikaa moyoni Jumapili ya Mei 12, 2024, pale mikongo ya chini ya bahari ilipokatika huko kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea. Siku zile nilikaa na umeme, karatasi na wino, na sina cha kumpa mtu. Ziwa lenyewe ukitoka mlangoni kwangu ukishuka kidogo unaliona. Lakini habari zake zilikuwa zimewekwa mbali, na kamba ya kuzivutia imekatika.

Mwaka jana katikati, mpwa wangu anayesoma chuo Dodoma akaja likizo, akanikuta nahangaika vilevile. Akaniambia, "Shangazi, Wikipedia nzima unaweza kuiweka ndani ya kompyuta. Tumia Kiwix." Nimeitumia tangu Julai 2025, na ninaandika haya kwa ajili ya mwenye duka kama langu, mwalimu, au mzazi aliye mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha.

Kiwix ni programu ya bure, haina matangazo, na mradi wake ulianza mwaka 2007. Siku hizi wanaousimamia wako Uswisi. Yenyewe ni chombo cha kusomea tu, vitabu unavishusha kando. Kila kitabu ni faili moja linaloishia na .zim, na ndani yake Wikipedia ya lugha fulani imebanwa na kukunjwa pamoja, makala, picha, viungo na kisanduku cha kutafutia. Ukishalishusha, umemaliza. Hakuna bando, hakuna kujisajili. Kuna matoleo matatu: lenye picha, lisilo na picha, na dogo lenye utangulizi wa kila makala. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inapita GB 100, hiyo sikuithubutu. Nilichukua ya Kiswahili yenye picha pamoja na ile ya Kiingereza chepesi. Hii ya pili wengi hawaijui, na kwa watoto wetu ndiyo dawa, kwa sababu mtoto anasoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba halafu kidato cha kwanza anakutana na kila kitu kwa Kiingereza. Makala zake zimeandikwa kwa sentensi fupi na maneno ya kawaida. Anasoma ya Kiswahili aelewe, kisha ya Kiingereza chepesi apate maneno ya kumwandikia mwalimu.

Kushusha kulinitesa. Nilinunua bando la usiku, nikaweka simu dirishani, nikaunganisha kompyuta kwa hotispoti, nikalala. Asubuhi nikakuta imekatika njiani na faili halifunguki. Usiku wa pili hivyo hivyo. Mpwa wangu akanielekeza nitumie torenti, njia ya kushusha faili kipande kwa kipande, ambayo Kiwix wenyewe wanaitoa kwa kila faili, kwa sababu ikikatika inaendelea pale ilipoishia. Kwa usiku tatu nikamaliza. Kama mtandao wako ni wa kukatika-katika, anza na torenti moja kwa moja, usipoteze bando mbili kama mimi.

Halafu memori kadi. Hapa nataka nieleze kwa kirefu, maana najua kuna mwingine atakayeumia. Nilitaka mafaili yakae pia kwenye simu ili nisifunge kompyuta moja kwa wateja wote. Nikanunua kadi sokoni, imeandikwa GB 128, shilingi elfu kumi na tano. Nikanakili, ikakubali, ikaonyesha nafasi bado ipo tele. Nikafungua makala ya kwanza, nzuri. Ya pili, nzuri. Ya tatu, ukurasa mweupe. Nikafikiri Kiwix ndiyo mbovu na nikaifuta na kuiweka upya mara mbili. Nilipompelekea fundi simu wa jirani, akaichomeka kwenye kompyuta yake na kuipima kwa programu inayoijaza kadi na kuisoma upya yote. Tulikaa karibu saa nzima tukitazama mstari ule ukisogea, kisha ukawa mwekundu. Kadi ilikuwa na GB 8 za kweli. Zilizobaki ni maandishi ya juu tu. Ukiijaza kupita hapo inaendelea kukuambia ndiyo, ndiyo, na kumbe inatupa. Nilisikitika kwa sababu aliyeniuzia ni mtu ninayesalimiana naye kila siku, na naamini naye aliuziwa hivyo hivyo. Pima kadi kabla ya kuiamini, na usitupe programu nzuri kwa kosa la kadi.

Nilipopata kadi ya kweli kukazuka mambo mawili madogo. Kadi iliyopangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, haipokei faili moja linalozidi GB 4 hata kama nafasi ipo, kwa hiyo ile yangu nikaipanga upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho. Na Kiwix niliyoichukua Play Store haikuliona faili nililolinakili mwenyewe kwenye kadi, kwa sababu ya masharti ya ruhusa za mafaili kwenye Android mpya. Nikachukua ile ya kwenye tovuti yao wenyewe, ikaliona papo hapo.

Sasa matumizi yenyewe.

Mwezi wa nane alikuja binti wa kidato cha pili kutafuta habari za meli ya Liemba. Kwenye benchi alikuwa ameketi mzee mmoja wa Ujiji akisubiri kopi za kitambulisho. Binti akaanza kusoma kwa sauti ya chini huku akiandika: kwamba meli ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikatiwa kwenye masanduku, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya hapa, kwamba iliitwa Graf von Götzen, kwamba mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wakiwa wameipaka mashine grisi, kwamba Waingereza waliiibua mwaka 1924 na ikaanza kazi kwa jina la Liemba mwaka 1927.

Mzee akanyanyua mkono. "Hapo kwenye masanduku, rudia, mjukuu wangu." Binti akarudia. Mzee akasema, "Babu yangu aliyabeba yale. Kutoka kwenye behewa hadi ukingoni. Bega la kulia lilikuwa na kovu hivi," akajigusa, akachora mstari kwa kidole kutoka shingoni kwenda kwenye mkono, "nalo tulimzika nalo." Binti akauliza, "Babu, walilipwa?" "Rupia. Akisema hazikutosha hata kodi ya kibanda." Binti akageuza daftari upande, akaiandika ile habari pembezoni. Nilizima mashine ya kopi ili tumsikie vizuri, na watu wawili waliokuwa wamesimama mlangoni wakaingia ndani.

Nimelifikiria sana lile tukio. Nina simu nzuri, nina WhatsApp, na najua jinsi ninavyosoma nikiwa mtandaoni. Sentensi ya tatu haijaisha, imeingia meseji ya kikundi cha michango ya harusi, naifungua, humo kuna video, video inanipeleka kwingine, na nilichokuwa nasoma sikikumbuki tena. Ndani ya Kiwix hakuna kinachokuvuta shati. Kiungo cha buluu kinakupeleka kwenye makala nyingine, basi. Jioni hizi dukani wateja wakipungua nasoma mwenyewe. Nilianza na Ziwa Tanganyika, kina chake mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Nikafuata Baikal, nikafuata Bonde la Ufa, nikajikuta nasoma namna volkeno zinavyotokea mpaka saa tatu usiku. Sijawahi kusoma hivyo tangu nimalize shule.

Kuna kitu kingine ambacho nilikigundua nimechelewa. Kiwix ya simu inaweza kuwagawia wengine. Unawasha hotispoti, unachagua vitabu vya kugawa, inakupa anwani ya namba, na wenye simu wanaiandika kwenye braoza zao. Hawahitaji kuweka Kiwix wala kuwa na bando. Jumamosi asubuhi benchi langu huwa na watoto wanne au watano wenye simu za wazazi wao, wote wanasoma kutoka kwenye simu yangu moja. Kusoma ni bure. Akitaka karatasi analipa ya kuprinti tu. Na kunakili huku siyo wizi. Leseni ya Wikipedia inamruhusu mtu kunakili na hata kuuza kopi, mradi aseme ametoa wapi na kopi ibaki chini ya leseni ile ile, kwa hiyo kila ukurasa naandika chini: Chanzo, Wikipedia.

Lakini lipo kosa lililotokea kwangu ambalo mtumiaji yeyote lazima alijue. Novemba niliwatolea watoto watatu kazi ya sokwe wa Gombe. Dada mmoja mteja wangu, ambaye ndugu yake anafanya kazi upande ule, akaiokota karatasi mezani, akasoma, akanyamaza kidogo. "Dada, huyu mama amefariki." Ni kweli. Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 na kuufanya mwambao wetu ujulikane duniani kote, alifariki Oktoba 1, 2025, akiwa na miaka 91. Mimi mwenyewe niliisikia redioni siku ile na ikaniuma, na mwezi mmoja baadaye nikawapa watoto karatasi inayomtaja kama mtu aliye hai, kwa sababu faili langu lilitengenezwa kabla. Niliwatafuta wote watatu jioni ile ile nikawapa karatasi nyingine bila malipo. Tangu hapo, chini ya kila ukurasa naandika pia mwezi wa faili.

Na huwezi kuongeza kipande kilichobadilika peke yake. Ukitaka habari mpya unashusha faili zima upya, yale mausiku tena. Kwa historia na jiografia hainisumbui. Kwa mtu anayetafuta nani ni waziri wa nini, Kiwix siyo mahali pake, na mimi humwambia hivyo wazi.

Upungufu mwingine si wa Kiwix, ni wa kitabu chenyewe. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na ina makala zaidi ya 80,000, nami nawashukuru kwa dhati wanaoiandika bila malipo. Ila tafuta kata zetu. Nyingi ni mistari miwili: jina la kata, jina la halmashauri, mkoa, postikodi, idadi ya wakazi kwa sensa. Mtoto aliyeambiwa aandike kuhusu mtaa wake anapata namba, hapati soko, hapati mwalo, hapati jina limetoka wapi. Makala za sayansi nazo zinapishana sana. Moja imeshiba, inayofuata imekatika kama barua iliyoliwa na panya. Kwa fizikia nimeongeza pakiti ya PhET, yale majaribio ya kuchezea kwenye skrini ya Chuo Kikuu cha Colorado, nayo inapatikana humo humo. Mwanafunzi wa shule isiyo na maabara ananing'iniza uzito kwenye springi kwa kidole na kuona inavyorefuka. Hiyo ningeichukua hata kama Kiwix isingekuwa na kitu kingine.

Kwa duka langu naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kushusha faili zima kila mara, kwani anayeihitaji zaidi ndiye mwenye mtandao mbovu zaidi.

Yule mzee amerudi mara mbili. Mara ya kwanza nilimwuliza kama habari ya babu yake tunaweza kuiandika kwenye makala ya Liemba. Mpwa wangu akanieleza kwa simu kwamba wanataka chanzo kilichochapishwa, neno la mzee peke yake halikubaliki. Nilimweleza mzee kwa adabu. Akasema, "Basi andika ya Kibirizi, hiyo kila mtu anaiona." Usiku ule nikanunua bando, nikafungua akaunti, na kwenye makala ya kata hiyo nikaongeza sentensi moja: kwamba kutoka mwalo wa Kibirizi boti huchukua abiria kwenda vijiji vya mwambao na Gombe. Haikufutwa. Nasubiri watoe faili jipya, nilishushe, nimwonyeshe mzee ile sentensi kwenye simu isiyo na bando.