Kinanda cha Silbermann pale Dresden: uzoefu wangu katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu

Mtu akiniuliza aende wapi Dresden akiwa na nusu siku tu, simpeleki kwanza Frauenkirche. Najua ndilo kanisa linaloonekana kwenye kila kadi ya posta ya mji ule, na kuba lake la mawe ni zuri kweli. Lakini kinanda cha mabomba alichokijenga Gottfried Silbermann, fundi mkubwa wa vinanda wa karne ya 18, mle ndani, kile ambacho Johann Sebastian Bach mwenyewe alikipiga Desemba 1736, kiliangamia pamoja na kanisa lenyewe Februari 1945. Kanisa lilijengwa upya na kuwekwa wakfu tena mwaka 2005, na kinanda kilichomo sasa ni kipya. Anayetaka kumsikia Silbermann wa Dresden atembee dakika chache kuelekea mto Elbe, mpaka Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu, ambalo wenyeji hadi leo wanaliita Hofkirche, yaani kanisa la kasri. Ndilo ninaloliandikia hapa, na naliandikia hasa wapiga kinanda na wanakwaya wenzangu, maana wengi wetu tukifika Ulaya tunapiga picha za minara na kuondoka bila kusikia chochote.

Mimi nilijifunza kinanda parokiani kwetu Moshi, kinanda cha umeme, kile ambacho wimbo ukikolea unaongeza sauti kwa kidole na umeme ukikatika kwaya inaendelea kwa midomo. Sasa naishi Leipzig, na treni ya kwenda Dresden inachukua saa moja na kitu. Safari hii nilikwenda na mama mdogo, aliyekuja kututembelea kutoka nyumbani.

Nje, kanisa ni jeusi. Mawe yake ni ya mchanga, na mawe ya aina ile huwa meusi kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo usidhani yote ni masizi ya vita. Juu ya kuta wamesimama watakatifu 78, kila mmoja zaidi ya mita 3, kazi ya Lorenzo Mattielli. Mchoraji wa ramani ni Gaetano Chiaveri, Mwitaliano. Ujenzi ulianza mwaka 1739 na kanisa likabarikiwa 1751, likiwa bado halijakamilika. Mafundi wake wa Kiitaliano walikaa vibandani kando ya mto, na mahali pale panaitwa mpaka leo Italienisches Dörfchen, kijiji kidogo cha Waitaliano, ingawa sasa ni mkahawa. Sikula hapo, kwa hiyo sina la kusema juu ya chakula.

Historia yake inahitaji maelezo kidogo, la sivyo utapita ndani bila kuelewa kwa nini limejengwa vile. Saksonia, ambayo Dresden ni mji wake mkuu, ilikuwa nchi ya Walutheri tangu enzi za Luther mwenyewe. Mwaka 1697 mtawala wake, August anayeitwa Mwenye Nguvu, aliingia Ukatoliki ili aweze kuwa mfalme wa Poland. Watu wake hawakumfuata. Akabaki mfalme Mkatoliki katikati ya raia Walutheri, na mwanawe ndiye aliyejenga kanisa hili kubwa, lililounganishwa na kasri kwa daraja la juu lililofunikwa, familia ya kifalme ipite kwenda Misa bila kukanyaga barabara. Maandamano ya Ekaristi hayakuruhusiwa nje. Chiaveri akafanya jambo ambalo sijaliona kwingine: akazungushia ukumbi wa kanisa njia pana ndani kwa ndani, nyuma ya nguzo, ili maandamano yafanyike humohumo chini ya paa. Mama mdogo, ambaye kila Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo anatembea na jumuiya yake kutoka kigango hadi parokia huku vigelegele vikisikika hadi sokoni, aliizunguka njia ile yote taratibu akiwa na rozari mkononi. Aliporudi akaniambia, "Mwanangu, kumbe na hawa waliwahi kuabudu kwa kujibana."

Sasa kinanda.

Nilipokwenda mimi, kulikuwa na nusu saa ya kinanda bila kiingilio kila Jumatano na Jumamosi kuanzia saa tano na nusu asubuhi hadi saa sita kamili, na mlangoni pana kapu la sadaka. Angalia ratiba kabla ya kukata tiketi ya treni, kwa sababu kukiwa na ibada maalumu mambo hubadilika. Fika mapema upate kiti katikati ya kanisa. Usikae nyuma kabisa chini ya roshani, kwani hapo sauti inakupita juu ya kichwa na unabaki na besi peke yake. Na ujue kwamba mabenchi yanaitazama altare, wakati kinanda kiko juu nyuma yako. Wageni wengi walikuwa wanageuza shingo kila dakika. Mimi nilifanya hivyo mwanzoni kisha nikaacha, nikatazama mbele na kusikiliza.

Hiki ni kinanda cha mwisho cha Silbermann na ndicho kikubwa kuliko vyote alivyovijenga: rejista 47, safu 3 za vitufe vya mikono, safu moja ya kupigwa kwa miguu, na mabomba takribani 3,000. Alifariki mwaka 1753 kabla hakijakamilika. Waliokimalizia ni Johann Daniel Silbermann, mtoto wa kaka yake, pamoja na Zacharias Hildebrandt, mwanafunzi wake wa zamani, na mwaka 1755 kikaanza kutumika.

Kwa ambao hawajawahi kukaribia kinanda cha aina hii: hakuna spika popote. Hewa inajazwa kwenye mivukuto, zamani kwa nguvu za watu, siku hizi kwa mota. Kila kitufe kimeunganishwa kwa vijiti vyembamba vya mbao na vali iliyo chini ya bomba lake. Ukibonyeza, kijiti kinavuta, vali inafunguka, hewa inaingia, bomba linaimba. Mengi ni ya mchanganyiko wa bati na risasi, mengine ni ya mbao. Rejista ni vile vishikizo anavyovuta mpigaji kuchagua kundi gani la mabomba lipate hewa. Kwa hiyo kidole chake kinagusa sauti yenyewe, na hilo linasikika. Kila noti inaanza na mguso mdogo wa hewa, kama konsonanti inayotangulia irabu. Kwenye vinanda vyetu vya umeme noti inatokea tu. Hapa inatamkwa.

Mpigaji alianza na rejista za filimbi, polepole. Halafu akavuta ile inayoitwa Unda maris, wimbi la bahari, nami nikashika mkono wa mama mdogo. Siri yake ni rahisi kueleza: mabomba yake yamelegezwa kidogo sana kuliko wenzake, na yakilia pamoja na wenzake wa noti ileile, sauti mbili zinasukumana na kutoa mtikisiko wa taratibu. Kueleza ni rahisi, lakini kuisikia ndani ya kanisa lenye ukubwa ule ni jambo jingine. Baadaye ikaja ile ya kuiga sauti ya mtu, Vox humana, ambayo kwa kweli haifanani na mtu, ina ukwaruzo wa puani, lakini inakufanya utege sikio kana kwamba unaitwa. Mwisho akafungulia besi ya miguu mpaka Untersatz, ile ya chini kabisa. Noti zake za mwisho huzisikii vizuri kwa masikio, unazihisi kifuani na kwenye mbao za benchi.

Jambo moja nililigundua kwa sababu ya kazi yangu. Palipigwa wimbo wa kanisa ninaoufahamu vizuri na masikio yangu yakakataa ufunguo wake. Kila kitu kilikuwa nusu toni chini. Ndivyo kilivyo. Kinanda kimebaki kwenye kipimo chake cha zamani cha hezi 415, yaani mitetemo 415 kwa sekunde kwa noti ya La, wakati vinanda vya leo, hata cha parokiani kwetu, vimewekwa 440. Waliokirekebisha wangeweza kukipandisha ili kilingane na ala za kisasa, na hawakufanya hivyo. Nawaheshimu kwa hilo. Unachosikia kiko pale pale kilipokuwa mwaka 1755.

Na kanisa lenyewe ni sehemu ya kinanda. Mpigaji akiinua mikono, sauti haikatiki, inaendelea kuzunguka kwenye dari kwa sekunde kadhaa. Yule bwana aliijua nyumba yake. Kila mwisho wa kifungu aliacha nafasi sauti iishe ndipo aendelee. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko popote, kwani sisi wapiga kinanda wa kwaya zetu tuna ugonjwa wa kujaza kila pengo kwa midundo, kana kwamba kimya ni kosa la mpigaji. Tangu siku ile nimeanza kuwaachia waimbaji pumzi kati ya mstari na mstari, na sauti ya nne wamekuwa wa kwanza kunishukuru.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni kimeponaje. Jibu ni kwamba mwaka 1944, wakati miji mingine ya Ujerumani ikiwaka moto, watu walipanda roshani ile, wakakifungua kinanda, mabomba na masanduku ya hewa, wakavitoa mjini na kuvificha. Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 ndege za Uingereza zikaja. Dari la kanisa likaanguka. Kabati la nje la kinanda, lenye nakshi zake zote, liliachwa mahali pake likaungua. Mwili wa kinanda ulikuwa mbali. Kanisa likajengwa tena kidogo kidogo, na mwaka 1971 mabomba yakarudi juu. Kwa hiyo kabati jeupe lenye dhahabu unalolipiga picha ni la kuchongwa upya, lakini kilichomo ndani ni cha Silbermann. Mimi hili linanigusa kuliko dhahabu yote ya kanisa. Katikati ya vita, mtu alikaa akahesabu mabomba, akayafunga, akayasafirisha, bila kujua kama kutakuwa na kanisa la kuyarudishia.

Usiondoke kabla ya kuingia kanisa dogo la ukumbusho wa waliouawa usiku ule na wote walioonewa na kuuawa bila hatia. Mna sanamu ya Bikira Maria akiwa na Yesu aliyekufa, iliyofanywa na Friedrich Press mwaka 1976 kwa kauri ya Meissen. Haina urembo wowote, nyeupe tupu, uso umebaki kama tundu la kilio. Si kila mtu ataipenda. Mama mdogo alipiga magoti mbele yake muda mrefu kuliko alivyokaa mbele ya picha kubwa ya Kupaa Bwana ya Anton Raphael Mengs pale juu ya altare. Mimbari ya Balthasar Permoser, ambayo ni ya 1722 na hivyo ina umri mkubwa kuliko kanisa, nayo itazame, imejaa malaika. Chini kuna makaburi ya wafalme, pamoja na chombo chenye moyo wa August Mwenye Nguvu. Mwili wake uko Kraków. Huko chini hushuki peke yako, unasubiri ziara yenye kiongozi.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usiishie kwenye ile nusu saa ya Jumatano au Jumamosi. Rudi Jumapili kwenye Misa. Kinanda hiki kilijengwa kisindikize watu wanaosali, na tofauti unaisikia mara waumini wanapoanza kuimba. Siku za kawaida wageni wanaingia na kutoka, milango inagongwa, simu zinapiga picha, na mpigaji anacheza juu ya kelele hizo. Kwenye Misa wote wamekaa. Tulibahatika kuwakuta wavulana wa Kapellknaben, kwaya ya kanisa hilo tangu karne ya 18, na jinsi kinanda kilivyojishusha ili sauti za watoto zipite juu yake ndiyo somo la usindikizaji ambalo ningependa kila mpiga kinanda wa jimbo letu alisikie. Mama mdogo hajui neno la Kijerumani zaidi ya salamu. Alijua kila mahali tulipofika, akajibu kwa Kiswahili chake, na kwenye Mtakatifu akaimba kabisa.

Vaeni vizuri. Hata siku ya jua mle ndani mna ubaridi wa mawe, na wazee wataumia miguu wakikaa muda mrefu. Kwa mtu anayetafuta tu picha za kupendeza, hapa patamchosha, Frauenkirche itamfaa zaidi. Kwa wenzangu wa kinanda, kama mna siku 2, anzeni na Freiberg, mji mdogo ulio karibu na Dresden kwa treni. Katika kanisa kuu la pale kuna kinanda cha Silbermann cha mwaka 1714, chenye rejista 44, alichokimaliza akiwa kijana wa miaka 31 akijitafutia jina. Msikieni kwanza kijana yule, ndipo mje Dresden kumsikia mzee.