MacBook Air ya M1 ya mtumba: mwaka mmoja na nusu wa kuhariri harusi Morogoro

Mimi napiga video za harusi hapa Morogoro. Send-off, kipaimara, maulidi, mahafali, popote ninapoitwa. Watu wakiniona ukumbini nimesimama na kamera hudhani kazi ndiyo ile. Kazi yenyewe inaanza usiku, nikisharudi nyumbani na memori kadi zimejaa, nikae nikate, nipange, niweke sauti sawa, kisha nirende, yaani kompyuta iunganishe vyote kuwa faili moja la video. Kila wiki kuna mwenzangu ananipigia kuuliza anunue laptop gani, na mara nyingi anauliza kitu kisicho na maana, yaani gigahezi ngapi (kasi ya ubongo wa kompyuta). Ndiyo maana naandika.

Laptop yangu ya kwanza ilitengenezwa mwaka 2012, nikainunua used mwaka 2017. Prosesa, yaani ubongo wake, ya kori mbili (sehemu mbili zinazofanya hesabu kwa pamoja), memori GB 8, chaja ya wati 65. Nilifanya nayo kazi miaka sita. Filamu ya saa mbili ya Full HD iliichukua saa sita na ushee kurenda. Nilikuwa naiwasha saa nne usiku, naiinua juu ya madaftari mawili ipate hewa kwa chini, feni inavuma chumba kizima, nalala. Watoto walishajua kutopita karibu na waya ule.

Usiku mmoja mwaka 2022 ilifika asilimia 71, umeme ukakatika. Betri ilikuwa imeshakufa zamani, kwa hiyo ikazima papo hapo. Programu niliyokuwa natumia haiendelei ilipoishia, unaanza sifuri. Umeme ulirudi saa kumi na moja alfajiri, nikaanza upya. Saa tatu mama mzazi wa bibi harusi akabisha hodi. Alikuwa amepanda gari la kwanza kutoka Kilosa, maana kaka yake alikuwa anasafiri kesho yake na alitaka aondoke na flashi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Imekuwa tayari?"

Nikamwambia bado. Hakugomba wala hakununa. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, akajifunika kanga miguuni, akawa anaitazama ile mistari ikisogea. Kila baada ya muda anauliza, "Sasa ngapi?" Namjibu, arobaini na tatu. Arobaini na tano. Alikaa mpaka saa sita kasoro. Siku ile niliona aibu ambayo sijaisahau, na niliapa sitamweka tena mteja kwenye mkeka kwa sababu ya mashine.

Mwishoni mwa 2023 mgao wa umeme ukabana, nami nikajua siwezi tena kuahirisha. Niligonga mwamba kwanza. Mashine ya mwanzo niliyonunua, duka silitaji, ilikaa siku tisa ikajifunga yenyewe. Kioo kikaonyesha kuwa ni mali ya kampuni fulani ya nje, inasimamiwa kwa mbali. Kurudishiwa fedha kulinichukua wiki tano. Kwa hiyo ukinunua Mac ya mtumba, mwambie muuzaji aifute yote mbele ya macho yako, uiunganishe na intaneti, uipitishe hatua zote za kuanza upya mpaka uone uwanja mtupu wa kazi (desktop). Muuzaji asiyekubali hilo, muage. Kisha angalia mizunguko ya chaji ya betri, yaani chaji kamili ngapi zimeshatumika, kwenye taarifa za mfumo. Yangu ilikuwa na 212 na nimeridhika nayo.

Niliyobaki nayo ni MacBook Air ya Apple yenye chipu (prosesa) ya M1, memori GB 8, nafasi GB 256, shilingi milioni moja na laki nne. Chaja yake ni ya wati 30. Ndani haina feni.

Jaribio la kwanza nilichukua harusi ile ile ya mama wa Kilosa, mradi ule ule, picha zile zile. Nikachomoa chaja kwa makusudi, betri ikiwa asilimia 88. Nikaibonyeza irende, nikaenda kuinjika maji ya chai. Nilirudi nikakuta imemaliza: dakika 34. Betri ilikuwa asilimia 69. Nilidhani imeruka vipande. Nikafungua faili, nikaenda moja kwa moja mwishoni. Keki imekatwa, wazee wanatunza, muziki upo, hakuna fremu iliyopotea. Nikakaa pale na kikombe changu nikihesabu usiku nilizozimaliza kwa miaka sita.

Tangu hapo nimetaka kuelewa kilichotokea ndani, kwa sababu ukisoma maelezo ya kiufundi, hesabu haijionyeshi. Ile ya zamani ilikuwa ya gigahezi 2.5. Hii ni 3.2. Kwa tofauti hiyo peke yake, saa sita zingeshuka kuwa kama saa tano, si dakika 34.

Jibu liko kwenye idadi ya transista, vile viswichi vidogo vinavyofanya hesabu zote. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye miaka mitatu baadaye alishiriki kuanzisha Intel, kampuni ya kutengeneza chipu, aliandika kwamba idadi ya vipande ndani ya chipu inaongezeka mara mbili kila mwaka. Mwaka 1975 alirekebisha, akasema kila miaka miwili. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300. M1 ya mwaka 2020 ina bilioni 16. Ukigawa utapata karibu mara milioni saba, ndani ya miaka 49. Ni kuzidisha kwa mbili takribani mara 23. Wanaokaa kwenye kamati za harusi watanielewa haraka: anza na mchango wa shilingi mia moja, kila kikao uuzidishe kwa mbili. Vikao vya kwanza hakuna hata anayeuandika kwenye daftari. Kikao cha ishirini na tatu, una shilingi milioni 838.

Gigahezi zenyewe ziligoma zamani. Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM na wenzake walieleza kuwa transista ikipunguzwa ukubwa, umeme inaotumia nao unapungua, kwa hiyo unaweza kuzisonganisha nyingi bila chipu kuwaka moto. Utaratibu huo ulifika ukingoni kati ya 2005 na 2006. Tangu hapo wahandisi waliendelea kupata transista zaidi lakini hawakuweza tena kuzikimbiza watakavyo, wakazigawa: kori nyingi, na sehemu maalumu zenye kazi moja tu. M1 ina kori nne za kazi nzito, nne za kazi nyepesi zinazotumia umeme kidogo sana, na pembeni kuna sehemu inayofanya jambo moja, kufungua na kubana video za H.264 na HEVC, mitindo miwili ya kubana video. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo iliyoniondoa kwenye saa sita. Prosesa yangu ya zamani, kwa programu niliyotumia, ilikuwa inabana kila fremu kwa nguvu ya kori zake mbili, kama mtu anayetwanga peke yake mahindi ya shughuli nzima.

Kwa hiyo stika ya i7 (jina la prosesa za Intel) kwenye laptop ya 2013 isikudanganye, wala gigahezi. Uliza chipu ni ya mwaka gani, na kama ina sehemu ya kubana video ya aina unayopiga.

Kwenye umeme ndiko maisha yangu yalikobadilika hasa. Wakati wa mgao niliimaliza send-off nzima nikiwa kwenye korido ya saluni ya jirani, bila jenereta, bila soketi. Siku moja niliichaji kwa pawabenki kubwa ya simu, polepole lakini ikaingia. Fedha niliyokuwa nanunulia petroli ya jenereta sasa inabaki ndani. Na nalala.

Yasiyofaa nayaeleza wazi. Memori imechomelewa, huongezi baadaye, na nafasi ya kuhifadhi ni hivyo hivyo. Fundi wangu wa Msamvu aliigeuza mara moja akaniambia, "Dada, hii nitakubadilishia betri na kioo, zaidi ya hapo usinitegemee." Harusi moja inakula zaidi ya GB 100, hivyo hadidiski ya nje ni lazima, na matundu ni mawili tu ya USB-C, utanunua kigawanyio. Kwa kuwa haina feni, ukiipa kazi ndefu mchana wa Desemba inapunguza mwendo ijipoze. Naiweka juu ya vigae, kamwe si juu ya kitanda. Ukipata ya GB 16, hata kwa laki mbili zaidi, chukua.

Kuna jambo jingine lisilo kosa la mashine. Wateja sasa wanataka 4K. Fremu ya 4K ina pikseli (vidoa vya picha) mara nne ya Full HD, halafu wanataka droni, na kamera mbili badala ya moja. Dakika zangu 34 zimeshapanda mpaka saa mbili na zaidi kwa harusi kubwa. Nguvu ikija, mahitaji yanaifuata na kuijaza. Nimeamua kazi za kawaida nitoe Full HD na kumweleza mteja ukweli, kwamba kwenye simu ya shangazi yake hataona tofauti. Wengi wanakubali.

Wanaoniuliza kama wasubiri matoleo mapya yashuke bei, nawaonyesha hesabu. Chipu ya M4 ya mwaka 2024, ya ukoo ule ule wa M1, ina transista bilioni 28. Kutoka 16 hadi 28 kwa miaka minne ni chini ya mara mbili, wakati kwa mwendo ule wa Moore zingekuwa zimefika 64. M4 ni nzuri na ina kasi zaidi, silikatai hilo, lakini pengo lake na M1 ni dogo kuliko pengo la M1 na kile kitu changu cha 2012. Kwa sisi wanunuzi wa mtumba hii ni habari njema kabisa: mashine ya miaka mitano haijazeeka kama zilivyokuwa zinazeeka zamani. Kama una milioni na nusu na unapiga harusi mbili tatu kwa mwezi, nunua M1 leo.

Ile ya 2012 nimempa mdogo wangu anayesoma Mzumbe. Anaandikia kazi zake za chuo, na kwa hilo inatosha. Yule mama wa Kilosa alinipigia mwezi wa pili, binti yake wa pili anaolewa. Flashi aliipata asubuhi iliyofuata sherehe, kabla wageni hawajamaliza supu.